Kutuliza Feni za Kompyuta kwa Kidhibiti cha Kujitengenezea

Chumba ninamorekodia sauti za wanakwaya mjini Kisumu kinatosha meza moja, viti vitatu na maikrofoni, na paa lake ni la mabati. Mvua inaponyesha kazi husimama, na hilo nililizoea zamani. Nililoshindwa kulizoea ni kazi kusimama siku ya jua. Kompyuta ya mezani niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika ofisini ughaibuni ilikuwa ikianza kuvuma kama mashine ya posho kila ilipofika saa nane mchana, na mvumo huo uliingia kwenye maikrofoni ukakaa chini ya kila wimbo, hasa pale waimbaji walipovuta pumzi na kunyamaza. Mwongozo huu unaeleza jinsi kelele hiyo ilivyopunguzwa kwa vifaa vinavyopatikana kwa mafundi wa redio, bila kununua mashine mpya na bila kuiunguza iliyopo. Unamfaa mtu mwenye kompyuta ya mezani ambaye anaweza kushika chuma cha kulehemu na kusoma mita. Mwenye kipakatalishi hatapata humu zaidi ya ushauri wa kusafisha vumbi.

Sikiliza kwanza

Kompyuta ya mezani huwa na feni tatu au zaidi: ya prosesa, ya pawa saplai, ya kasha kwa nyuma, na pengine nyingine ndogo kwenye kadi ya michoro. Usidhani unajua ni ipi inayopiga kelele. Fungua ubavu wa kasha, washa mashine, kisha gusa kwa upole kitovu cha feni moja kwa ncha ya kalamu ya plastiki mpaka isimame kwa sekunde mbili tatu, usikilize kilichobadilika, uiachilie, uende kwa inayofuata. Ipo kelele ya upepo, ambayo ni mvumo mpana unaopanda na kushuka pamoja na mwendo wa feni. Ipo kelele ya beringi, yaani mkwaruzo au mlio wa kukatakata unaosikika zaidi asubuhi mashine ikiwa bado baridi. Ipo pia kelele ya bati, pale kasha lenyewe linapotetemeka pamoja na feni, na hii utaitambua kwa sababu hunyamaza papo hapo ukilibonyeza kasha kwa kiganja. Kidhibiti nitakachokieleza huponya ya kwanza, hupunguza ya tatu, na hakifui dafu kwa ya pili.

Feni ya pawa saplai isiguswe kwa kalamu wala kwa bisibisi, na sanduku lake lisifunguliwe. Umeme wetu wa volti 240 ukishageuzwa kuwa mkondo mnyoofu ndani ya sanduku hilo hufikia karibu volti 340, na kapasita zake zinaweza kubaki na chaji baada ya plagi kung'olewa ukutani. Ikiwa hiyo ndiyo inayokwaruza, badilisha pawa saplai nzima.

Punguza sababu ya feni kukimbia

Feni hukimbia kwa kuwa imeambiwa kuna joto, kwa hiyo kuipunguza mwendo kabla ya kuondoa kizuizi cha joto ni kuisonga mashine pumzi. Kizuizi cha kawaida ni vumbi. Sisi tulio karibu na ziwa tuna pia mgeni asiyetajwa katika vijitabu vya watengenezaji: wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama moshi na kufuata taa usiku. Huingia kwenye kasha, hufia katikati ya mapezi ya hitisinki, yaani kile chuma kinachoondoa joto la prosesa, na vumbi hunata juu yao mpaka likawa kama blanketi. Jamaa zetu wa Nakuru hawana wadudu hao kwa wingi huo, lakini jina la mji wao lenyewe husemekana kutokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, kwa hiyo hali zetu hazipishani sana.

Zima mashine, ng'oa waya wa umeme, itoe nje ya nyumba, kisha pitisha brashi laini ya kupakia rangi kwenye mapezi na kupuliza kwa bloa. Shika panga za feni kwa kidole wakati wa kupuliza. Ukiziacha zizunguke kwa nguvu ya bloa, zitakwenda kasi ambayo beringi zake hazikuundiwa. Ikiwa mashine ina umri wa miaka mitano au zaidi, ng'oa hitisinki ya prosesa, futa pesti iliyokauka, yaani ule uji wa kupitishia joto kati yake na prosesa, kwa pamba na spiriti, kisha weka pesti mpya katikati ya prosesa kiasi cha punje ya ndengu. Wengi hupaka nyingi wakidhani wingi ni baraka, ilhali kazi ya pesti ni kujaza mianya isiyoonekana tu. Ikizidi huwa yenyewe ni kizuizi. Kwa mashine yangu, usafi na pesti peke yake vilishusha joto la prosesa kutoka nyuzi 78 hadi nyuzi 66 kwa kazi ile ile, na nusu ya malalamiko yangu yakaisha siku hiyo.

Beringi inayokwaruza inaweza kupewa uhai wa miezi kadhaa kwa tone moja la mafuta ya cherehani: bandua kibandiko kilicho katikati ya mgongo wa feni, toa kifuniko kidogo cha mpira ikiwa kipo, tia tone, rudisha. Usitumie mafuta ya kupikia, kwa sababu baada ya wiki chache hugeuka gundi. Kelele ya bati, nayo, huondolewa kwa kukata pete nne ndogo kutoka kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli na kuziweka kati ya feni na kasha pale skrubu zinapopita, bila kukaza skrubu mpaka mpira ukabanwa ukawa mgumu. Huu ndio ukarabati wa bei ndogo kuliko wote katika mwongozo huu, na ndio watu wanaoupuuza zaidi.

Kipande cha neti ya mbu mbele ya tundu la kuingizia hewa huzuia wadudu, ila nacho hupunguza hewa, kwa hiyo kifuliwe kila baada ya wiki mbili.

Kwa nini mwendo mdogo hutuliza sana

Uhusiano wa mwendo wa feni na kelele yake hauendi sawia, na hapo ndipo faida ilipo. Kiasi cha hewa hupungua sambamba na mwendo: feni ikienda nusu, hewa huwa nusu. Kelele ya upepo, kwa kanuni inayotumiwa na wahandisi, hupungua kwa desibeli 50 zikizidishwa kwa logi ya uwiano wa mwendo. Ukipunguza mwendo kwa asilimia 20 unapata nafuu ya karibu desibeli 5. Ukiufanya nusu, karibu desibeli 15. Feni mbili za aina moja zikifanya kazi pamoja huongeza desibeli 3 tu juu ya feni moja. Maana yake ni kwamba feni mbili zikienda nusu ya mwendo zinasukuma takriban hewa ile ile ya feni moja inayokimbia kwa mwendo kamili, huku kelele ikiwa chini kwa karibu desibeli 12. Hesabu hii ni ya mahali pa wazi; ndani ya kasha lililosongamana waya faida hupungua, kwa sababu feni ya mwendo mdogo hushindwa kusukuma hewa penye vizuizi. Hata hivyo, kama kasha lako lina nafasi ya feni ya pili ya milimita 120, iweke kabla ya kufikiria jambo lingine.

Wasomaji wa kwetu wazingatie pia mwinuko. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari na Nakuru takriban mita 1,850. Kwa sababu hiyo hewa ya Kisumu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya kumi, na ya Nakuru kwa karibu sehemu moja ya sita. Feni husukuma ujazo ule ule popote ilipo, lakini hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Nakuru hufidiwa na ubaridi wake. Kisumu haina fidia hiyo, na kipimo cha mwendo kilichomfaa mtu wa nchi ya baridi kisinakiliwe kama kilivyo.

Kabla ya kulehemu

Ingia kwenye bayosi, yaani mipangilio ya bodi kuu inayofunguliwa mashine inapowaka, uone kama bodi kuu ina uwezo wa kurekebisha mwendo wa feni. Bodi nyingi zinao, na anayetumia Linux anaweza kufunga programu za lm-sensors na fancontrol akapanga mwendo kwa joto bila kugusa waya hata mmoja. Ikiwa njia hii inakubali, itumie, na ubaki na sehemu ya mwisho ya mwongozo huu inayohusu majaribio. Kompyuta nyingi za ofisini zinazouzwa kwetu baada ya kutumika hazina mpangilio huo. Feni ya kasha hupewa volti 12 moja kwa moja, au soketi yake ina umbo lisilolingana na feni za madukani. Hizo ndizo zinazohitaji mkono wa fundi.

Feni ya prosesa iachie bodi kuu. Kidhibiti cha kujitengenezea ni cha feni za kasha peke yake. Feni ya kasha ikisimama, joto hupanda polepole na una muda wa kugundua; ya prosesa ikisimama, muda huo haupo.

Utasikia pia hila ya volti 7, ambapo waya wa njano wa pawa saplai, wenye volti 12, huunganishwa upande mmoja wa feni na ule mwekundu wa volti 5 upande wa pili, ili feni ipate tofauti yake. Inafanya kazi, na siipendekezi. Feni hiyo ikipata shoti ndani, volti 12 zitaingia kwenye njia ya volti 5 inayolisha diski na sehemu nyingine za mashine. Kwa anayetaka jambo rahisi, afadhali dayodi nne (vifaa vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) za 1N4007 zilizofuatana kwenye waya chanya wa feni, mstari mweupe wa kila moja ukielekea kwenye feni. Kila dayodi hula karibu volti 0.7, kwa hiyo feni itabaki na volti 9 na ushee. Dayodi ni bora kuliko rezista moja kwa sababu rezista huinyima feni volti nyingi zaidi wakati ule ule inapojikokota kuanza, wakati inapozihitaji.

Kidhibiti cha LM317

Kifaa ninachokiamini ni LM317, kidhibiti cha volti chenye miguu mitatu ambacho fundi yeyote wa redio anacho kwenye kopo lake. Ukikishika maandishi yakikutazama na miguu ikielekea chini, mguu wa kushoto ni wa kurekebisha, wa kati ni wa kutoa, na wa kulia ni wa kuingiza. Kazi yake ni kudumisha volti 1.25 kati ya mguu wa kutoa na ule wa kurekebisha. Ukiweka rezista moja kati ya miguu hiyo miwili, tuiite ya juu, na nyingine kutoka mguu wa kurekebisha hadi hasi, tuiite ya chini, volti itakayotoka utaipata kwa kugawanya ya chini kwa ya juu, kuongeza moja, kisha kuzidisha kwa 1.25.

Kwa kidhibiti cha kuzungusha kwa mkono, rezista ya juu iwe omu 240. Ya chini iwe rezista ya omu 680 ikifuatana na potenshiometa, yaani rezista ya kuzungusha, ya omu 1,000. Potenshiometa ikiwa mwanzo kabisa unapata karibu volti 4.8, ikiwa mwisho unapata volti 10. Ile rezista ya omu 680 isiachwe kwa kubana matumizi, kwa sababu ndiyo inayozuia mkono wa mtoto au wa mgeni kuipunguza feni mwendo mpaka isimame. Volti 10 ndiyo dari ya mtindo huu, kwani LM317 yenyewe inahitaji karibu volti 2 za kujiendesha, nayo inatosha.

Chukua umeme kwenye plagi ya miguu minne ya kuendeshea diski za zamani, ambayo waya wake wa njano una volti 12 na mweusi ni hasi. Hapa tahadhari, kwa maana rangi zinadanganya: kwenye pawa saplai njano ni volti 12, lakini kwenye feni nyingi za waya tatu njano ni waya wa kuhesabia mizunguko, nyekundu ndiyo chanya, na nyeusi ni hasi. Ukiunganisha njano na njano utaua kihesabio cha feni. Thibitisha kwa mita kabla ya kulehemu. Weka fyuzi ya nusu ampia kwenye waya wa njano unaotoka pawa saplai, kisha peleka waya huo kwenye mguu wa kulia wa LM317. Mguu wa kati uende kwenye waya mwekundu wa feni. Hasi zote ziungane. Tia kapasita ya mikrofaradi 0.1 kati ya mguu wa kuingiza na hasi, na ya mikrofaradi 1 kati ya mguu wa kutoa na hasi, zote zikiwa karibu na miguu yenyewe.

Kwa kuwa LM317 hupunguza volti upande wa chanya na kuuacha upande wa hasi bila kuguswa, waya wa kuhesabia mizunguko unaweza kurudishwa kwenye soketi ya bodi kuu na hesabu ikasomeka sawasawa. Kihesabio hutoa mapigo mawili kwa kila mzunguko. Vidhibiti vya transista vinavyokatakata upande wa hasi huvuruga mapigo hayo, na bodi kuu huanza kulalamika kwamba feni imekufa.

Kifaa hiki hupata joto. Feni ikitumia ampia 0.2 kwa volti 5, zile volti 7 zinazobaki hugeuka joto la wati 1.4 ndani ya LM317. Kifunge kwenye kipande cha alumini cha ukubwa wa kiberiti. Nilikata changu kwenye sufuria iliyotoboka. Na hapa nilikosea kosa ambalo nalieleza ili lisirudiwe. Bamba la chuma lililo mgongoni mwa LM317 limeungana na mguu wa kutoa. Nililifunga pamoja na alumini yake moja kwa moja kwenye kasha, ambalo ni hasi, na nilipowasha mashine feni haikusogea hata kidogo. Nilikuwa nimesubiri ukimya kwa hamu, nao ulikuja, kwa hiyo nilikaa karibu dakika kumi nikiufurahia na kuwasifu waliotengeneza kifaa hicho, mpaka nilipogusa ubavu wa kasha. LM317 ilikuwa katika shoti, ikijizima yenyewe kila ilipozidi joto na kujiwasha ilipopoa, na hiyo kinga yake ya ndani ndiyo iliyoniokoa, kwa kuwa siku hiyo sikuwa nimetia fyuzi. Weka karatasi ya mika na kola ya plastiki kati ya bamba na kasha, au ufunge alumini yote mahali isipogusa chuma, kisha upime kwa mita kuhakikisha hakuna njia kati ya bamba na kasha.

Kuifanya ifuate joto yenyewe

Kuzungusha kwa mkono kunamfaa anayekaa karibu na mashine. Mimi nilikuwa nikisahau: naipunguza asubuhi ninaporekodi, na saa tisa alasiri, mabati yakiwa yanawaka, bado iko chini. Suluhisho ni kuondoa rezista ya juu ya omu 240 na kuweka mahali pake thamista, yaani rezista ambayo ukinzani wake hupungua inapopata joto. Aina ya kawaida ni ya omu 10,000 kwenye nyuzi 25, yenye kipimo cha B, kinachoonyesha jinsi ukinzani unavyobadilika kwa joto, cha 3950. Hiyo huwa karibu omu 8,000 kwenye nyuzi 30, omu 5,300 kwenye nyuzi 40, omu 3,600 kwenye nyuzi 50 na omu 2,500 kwenye nyuzi 60. Rezista ya chini iwe omu 18,000, na potenshiometa iondolewe.

Ukitumia kanuni ile ile, utaona kwamba volti hupanda kadiri thamista inavyopata joto. Kuna nyongeza moja inayosahauliwa: mguu wa kurekebisha hutoa mkondo mdogo wa karibu mikroampia 50, ambao kwa rezista ya omu 240 hauna maana, lakini ukipita katika omu 18,000 huongeza karibu volti 0.9. Ukiijumlisha, feni inapata karibu volti 5 kwenye nyuzi 30, volti 6.4 kwenye nyuzi 40, volti 8.4 kwenye nyuzi 50, na kwenye nyuzi 60 inafika dari ya volti 10. Pima volti hizi feni ikiwa imeunganishwa, kwa sababu mzigo usipokuwepo LM317 hukosa mkondo wa kuitulizia na mita itakuonyesha uongo.

Thamista iwekwe katikati ya mapezi ya hitisinki ya prosesa, karibu na kitako chake, ikiwa imevikwa tepu ya kuhimili joto ili miguu yake isiguse chuma. Isiwekwe mbele ya upepo wa feni, maana hapo itapima upepo na kusahau hitisinki, na feni itajidanganya kwamba kila kitu ni shwari.

Mpango huu una udhaifu mmoja ambao ni lazima uzibwe. Waya wa thamista ukikatika, ukinzani wa juu unakuwa mkubwa usio na mwisho, volti inaanguka hadi karibu 2, na feni inasimama. Kidhibiti kinachoharibika kwa kuzima upoozaji ni kidhibiti kibaya hata kikiwa kimya namna gani. Dawa yake ni dayodi tisa za 1N4007 zilizofuatana, kutoka mguu wa kuingiza wa LM317 hadi mguu wa kutoa, mistari yote ikielekea upande wa feni. Dayodi hizo zitalala bila kazi wakati wote volti ya kutoa ikiwa juu ya takriban 5 na nusu. Ikishuka chini ya hapo, kwa sababu yoyote, zenyewe zitailisha feni. Hivyo feni ina sakafu isiyoweza kupita, na thamista ikifa kompyuta bado inapumua.

Feni za waya nne

Ikiwa feni yako ina waya nne, usiipunguzie volti. Waya wa nne, ambao mara nyingi ni wa buluu, hupokea mapigo ya kasi ya kilohezi 25, na mwendo hutegemea sehemu ya muda ambao pigo liko juu. Bodi ndogo ya Arduino Uno inaweza kuyatoa, ila mapigo yake ya kawaida katika mguu wa 9 ni ya hezi 490, ambayo sikio husikia kama mluzi. Saa yake ya ndani iitwayo Timer1 ipangwe kuhesabu kwa kupanda na kushuka kwa kilele cha 320: hezi milioni 16 zikigawanywa kwa 640 zinatoa 25,000 kamili. Hasi ya Arduino iungane na hasi ya feni. Uzuri wa feni hizi ni kwamba waya wa buluu ukichomoka, feni hurudi mwendo kamili, kwa hiyo hazihitaji dayodi za akiba.

Majaribio

Anza na feni yenyewe. Iondoe kwenye kasha, ipunguzie volti polepole mpaka isimame, kisha ipandishe kutoka sifuri uone inaanzia volti ngapi. Volti ya kuanzia huwa juu ya volti ya kusimamia, na ndiyo muhimu, kwa sababu umeme wetu hukatika na kurudi usiku mtu akiwa amelala. Mashine iliyopangwa kujiwasha itajiwasha, na feni iliyokuwa ikizunguka vizuri kwa volti 5 inaweza kushindwa kuanza kwa volti hizo hizo. Nilitupa feni mbili zilizohitaji zaidi ya volti 6 kuanza, na nikabaki na ile inayoanza kwa 4 na robo. Zima na uwashe mara ishirini kwa volti ya chini kabisa. Isipoanza hata mara moja, ongeza sakafu kwa kuondoa dayodi moja au mbili kwenye ile safu ya tisa.

Kisha ipe mashine kazi nzito kwa nusu saa, kwa stress-ng ikiwa ni Linux au Prime95 ikiwa ni Windows, huku ukitazama joto kwa lm-sensors au HWiNFO. Fanya hivyo kati ya saa nane na saa kumi alasiri, siku ya jua, madirisha yakiwa yamefungwa kama unavyoyafunga unaporekodi. Jaribio la saa moja asubuhi halithibitishi kitu. Prosesa nyingi hujipunguza kasi zenyewe karibu na nyuzi 100, lakini nimejiwekea mpaka wa nyuzi 80. Zikipitwa, napunguza ukinzani wa juu, yaani wa thamista, kwa kuongeza rezista ya omu 22,000 sambamba nayo, jambo linalopandisha volti katika kila kiwango cha joto.

Mwisho, kompyuta ikiwa inafanya kazi, chomoa waya mmoja wa thamista kwa makusudi. Feni ipungue mwendo lakini iendelee kuzunguka, na joto litulie mahali linapovumilika kwa kazi ya kawaida. Rudisha waya, vika maungio yote mpira wa kusinyaa kwa moto, funga kasha, na uandike tarehe kwa penseli ndani ya ubavu wake, ili ujue lini vumbi na wadudu wa ziwa watakapokuwa wamekaa miezi mitatu.